Mhandisi wa Umma Naye ni Mfanyakazi

Kwa muda mrefu imekuwako dhana, nayo imewaingia hata watu wenye elimu ya kutosha, kwamba chama cha wafanyakazi ni jambo la madereva, makarani, wahudumu na vibarua. Na kwamba mhandisi, mwenye shahada yake na mhuri wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ni mtu wa upande wa pili wa meza. Dhana hiyo ni potofu. Tena ina gharama, na gharama yenyewe humwangukia mhandisi mwenyewe siku anapostaafu, kwa fedha zinazohesabika mpaka shilingi ya mwisho.

Anayetaka kujua kwa nini jambo hili lina uzito na asimame Vigwaza, katika Halmashauri ya Chalinze, mkoani Pwani. Msafiri wa Barabara ya Morogoro akisha kuvuka Mto Ruvu huyakuta malori yamejipanga kuingia mizani. Hapo hupimwa mizigo inayotoka bandarini kwenda mikoani na kwa jirani zetu wa Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, kwa kufuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ambayo ukomo wake ni tani 56, na ambayo ilianza kusimamiwa nchini mwetu mwaka 2019. Hapo Vigwaza ndipo inapochepuka barabara ya zege, kilometa 15 na ushei, iendayo Kwala, ilipo bandari kavu iliyozinduliwa tarehe 31 Julai 2025. Reli ya kisasa inapita karibu, sambamba na ile reli ya zamani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, na ambayo tangu 1963 imeunganishwa na njia ya Tanga kutokea hapo Ruvu. Nyuma kidogo, Mlandizi, uko mtambo wa maji wa Ruvu Juu uliojengwa 1959. Mbele kidogo, Chalinze, inafika njia ya umeme wa kilovolti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere.

Katika eneo hilo, ambalo mtu mwenye gari aweza kulizunguka lote kabla ya adhuhuri, uchumi wa taifa unapita kwa magurudumu, kwa reli, kwa bomba na kwa waya. Na kila kimoja cha vitu hivyo kina mhandisi anayelipwa na umma, naye ndiye anayeulizwa kinapoharibika. Yuko wa Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza mwaka 2000. Yuko wa TARURA, iliyoanza 2017. Wako wa Shirika la Reli, wa Mamlaka ya Bandari, wa TANESCO, wa DAWASA, na wa halmashauri yenyewe. Mwananchi anayepanda basi pale Vigwaza hawajui kwa majina. Lakini ekseli moja iliyozidishwa mzigo kwa sehemu moja ya tano huichosha barabara mara mbili ya ile iliyopakiwa kwa kiwango, na anayelizuia lori hilo lisiendelee na safari, saa nane za usiku, mbele ya dereva mwenye haraka na mwenye mali mwenye simu, ni mtumishi wa umma mwenye mshahara wa kawaida. Haki za mtu wa namna hiyo si jambo dogo.

Sasa tuiangalie hiyo dhana ya upande wa pili wa meza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mfanyakazi wa menejimenti ya juu hatakuwa mwanachama wa chama kinachowawakilisha wafanyakazi wasio wa menejimenti hiyo. Hapo ndipo wengi walipojichanganya. Menejimenti ya juu ni wale wanaotunga sera za taasisi kwa niaba ya mwajiri na wenye mamlaka ya kufunga mikataba ya pamoja kwa niaba yake. Mhandisi wa kituo cha mizani, mhandisi wa zamu katika mtambo wa maji, mhandisi wa kipande cha reli, hawatungi sera ya taasisi. Wanazitekeleza. Kusimamia mafundi kumi na dereva wawili hakumfanyi mtu kuwa mwajiri. Haki ya kuwa mwanachama, kuchagua na kuchaguliwa anayo sawasawa na yule anayefungua geti.

Tena sheria hiyohiyo ina kifungu kingine ambacho wahandisi wachache wamekisoma. Masharti ya saa za kazi, yaani saa 45 kwa juma, malipo ya saa ya ziada kwa kiwango cha mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, hayamhusu mfanyakazi anayewasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kwa hiyo mhandisi mkuu wa kituo aweza kuitwa usiku, bomba limepasuka au reli imesombwa na maji, akakesha mpaka alfajiri, na sheria isimpe saa ya ziada hata moja. Fundi aliye chini yake atalipwa. Hatusemi fundi asilipwe. Tunasema kwamba mahali ambapo sheria imenyamaza, kinachoweza kusema ni mkataba wa hali bora za kazi. Na mkataba huo hufungwa na chama. Mtu asiyekaribia chama asitazamie kwamba mkataba utamkumbuka.

Yuko pia mhandisi wa maji na wa umeme, ambaye hali yake ni ngumu zaidi. Sheria imezitaja huduma za maji na usafi, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege kuwa huduma muhimu, na walio ndani yake hawaruhusiwi kugoma. Sisi tunaona katazo hilo ni la haki. Jiji la Dar es Salaam haliwezi kukaa siku tatu bila maji ya Ruvu kwa sababu ya ubishi wa posho. Lakini haki ya mgomo inapoondolewa, mahali pake hapawi patupu: sheria imeweka usuluhishi, na usipofaulu, uamuzi. Mwajiri wa umma anayechelewesha majadiliano na watu wasioweza kugoma, miaka nenda miaka rudi, anawanyima njia pekee waliyoachiwa. Urasimu wa namna hiyo hauwezi kutetewa kwa jina la huduma muhimu.

Tufike kwenye jambo ambalo limezungumzwa katika kila ofisi ya nchi hii tangu 2018, nalo ni kikokotoo.

Mwaka huo Bunge lilitunga sheria iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa Mfuko mmoja wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioanza kazi mwezi Agosti. Kuunganisha kulikuwa na sababu. Lakini zilifuata kanuni zilizopunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 kwa wote, hata kwa wale wa PSPF na LAPF waliokuwa wakipata asilimia 50. Wafanyakazi walilia. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli, baada ya kukutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizisimamisha kanuni hizo hadi 2023. Yakafuata majadiliano ya Serikali, waajiri na wafanyakazi, na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ilisikia tena: waliokuwa wakipata 50 wakapandishwa hadi 40, na waliokuwa wakipata 25 wakapandishwa hadi 35.

Hayo yote yanajulikana. Yasiyojulikana sana ni hesabu yenyewe, na inashangaza kwamba wahandisi, ambao ndio watu wa hesabu kuliko wote, wameisikia barazani kama walivyosikia wengine na kuipokea au kuilaani bila kushika kalamu. Tuishike sisi.

Tuchukue mhandisi mwenye mshahara wa shilingi 2,000,000 kwa mwezi, yaani 24,000,000 kwa mwaka, aliyetumikia miaka 30, ambayo ni miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi hiyo iligawanywa kwa 540, ikazaa pensheni kamili ya shilingi 16,000,000 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, akaondoka na mkupuo wa shilingi 124,000,000, na kila mwezi akapata kama 666,700. Kwa kanuni ya sasa miezi ileile hugawanywa kwa 580, pensheni kamili ikawa shilingi 14,896,552 kwa mwaka. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5, mkupuo ukawa shilingi 74,482,759, na pensheni ya mwezi kama 744,800. Mwenzake aliyetoka kundi la asilimia 35, mwenye mshahara uleule na miaka ileile, atapata mkupuo wa shilingi 65,172,414 na pensheni ya mwezi kama 806,900. (Kwa kurahisisha tumechukua mshahara mmoja, leo hutazamwa wastani wa miaka mitatu bora katika kumi ya mwisho.)

Msomaji ataona kwamba pensheni ya mwezi imepanda, na huo ni ukweli ambao wapinzani wa kanuni mpya hawapendi kuutaja. Lakini ataona pia kwamba mhandisi yule wa kwanza amepungukiwa mkupuo kwa zaidi ya shilingi 49,500,000, na kile anachoongezewa kwa mwezi ni shilingi 78,000 na kidogo. Ili nyongeza hiyo ilipie pengo, bila kuhesabu mabadiliko yoyote ya baadaye, angepaswa kuishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu. Akistaafu na miaka 60, awe amepita 112. Anayesema kwamba mstaafu hajapoteza kitu, ila amebadilishiwa tu mpangilio wa malipo, hajaifanya hesabu hii.

Hata hivyo uungwana unatutaka tuseme na upande wa pili. Kanuni ile ya zamani ilikuwa tamu, lakini mfuko uliopaswa kuilipa ulikuwa haujai. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali hawakuchangia. Pensheni ilitoka hazina. PSPF ilipoanza, ilirithi ahadi ya miaka yote ya nyuma bila kurithi fedha zake, na deni hilo likakaa zaidi ya miaka 20 kabla Serikali haijatoa hati fungani za shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Wapo wastaafu waliosubiri mkupuo wao mtamu kwa miezi mingi mlangoni. Shilingi 124,000,000 zilizo kwenye karatasi hazijengi nyumba. Kwa hiyo madai ya kurudi tu kwenye kanuni ya kale, bila kusema fedha zitoke wapi, hatuyaoni kuwa madai ya watu wazima. Madai ya watu wazima yangekuwa kutaka tathmini ya mfuko isomwe wazi katika mabaraza ya wafanyakazi, na kutaka kuelezwa kwa nini 12.5 na si 13 au 14, kwa takwimu za uhai wa wastaafu wenyewe. Nani angeuliza swali hilo vizuri zaidi kuliko mhandisi? Lakini aliyeuliza, kwa kadiri lilivyoulizwa, alikuwa mwalimu na muuguzi.

Jambo lililojificha zaidi ni posho. Tazama mfano wetu: kila tarakimu inatoka kwenye mshahara. Posho haimo. Mchango wa PSSSF, asilimia 5 ya mfanyakazi na 15 ya mwajiri, hukatwa kwenye mshahara. Posho ya safari haimo, posho ya kukaa nje ya kituo haimo, posho ya usimamizi wa mradi haimo. Na kwa hulka ya kazi yake mhandisi ni mtu wa posho. Miaka yake bora, akiwa na nguvu, huwa porini kwenye mradi, na fedha zinazoingia mfukoni mwake kwa mwezi zaweza kuzidi mshahara. Serikali ilipopandisha mwaka 2022 kiwango cha juu cha posho ya kujikimu kwa safari za ndani kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, wengi walishangilia. Hatuwalaumu, bei za nyumba za wageni zilikuwa zimewaacha mbali. Lakini posho ni maji ya mvua: hujaza mtaro leo, kesho pamekauka. Mhandisi akiondolewa mradini akapelekwa kituo cha kudumu, kama vile Vigwaza, ambako halali nje ya kituo chake cha kazi, posho ile inakoma siku hiyohiyo, na siku ya kustaafu haikumbukwi kabisa.

Hesabu yake ni hii. Iwapo shilingi 200,000 tu kati ya posho za kila mwezi zingeingizwa ndani ya mshahara kwa mkataba wa chama, mwajiri angemwekea mhandisi huyo shilingi 30,000 za ziada mfukoni kila mwezi, na mwenyewe angechangia 10,000. Siku ya kustaafu, kwa kanuni ya asilimia 40 na miaka 30, mkupuo wake ungeongezeka kwa kama shilingi 7,448,000, na pensheni yake kwa kama 74,500 kila mwezi, karibu sawa na ile nyongeza yote iliyoletwa na kanuni mpya. Katika majadiliano ya hali bora mwajiri huona ni rahisi kukubali posho, kwa kuwa posho haina mkia. Na wafanyakazi, kwa haja za leo, huipokea. Pande zote mbili huondoka zikitabasamu, na anayelipia tabasamu hilo ni mzee wa miaka 60 ambaye hakuwamo chumbani.

Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza huko Singida, Mei Mosi ya 2025, kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo, lilikuwa jambo kubwa kwa walio chini kabisa, na ndivyo inavyopaswa. Kima cha chini hutazamwa kwanza. Mhandisi hayupo kwenye kima cha chini. Nyongeza za ngazi zake hufuata uwezo wa bajeti. Kwa hiyo njia zake za kuinuka ni mbili: muundo wa utumishi, yaani kupanda daraja kwa wakati, na mkataba wa pamoja. Kupanda daraja siku hizi kunapitia mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya ile OPRAS ya karatasi. Mfumo unadai kila mtumishi ajaze malengo na taarifa zake kwa kompyuta. Mhandisi aliye porini ambako mtandao unakuja na kuondoka kama jua la masika aweza kujikuta amefanya kazi mwaka mzima na mfumo unaonyesha hakufanya kitu. Hilo nalo ni suala la chama, si la fundi wa kompyuta.

Kuhusu hatari za kazini tutasema kidogo, maana hapa hatua imepigwa na inastahili kusemwa. Kwa sheria ya zamani, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, fidia ya mtu aliyelemazwa kazini ilikuwa na ukomo wa shilingi 108,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wa WCF ulioanza kukusanya michango mwaka 2015, vimeifuta aibu hiyo. Leo aliyeumia hulipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa hadi miezi 24 anapokuwa hawezi kazi, aliyelemaa kwa kiwango kikubwa hulipwa pensheni, na aliyefariki wategemezi wake wanatazamwa. Anayesimama kando ya barabara ya malori, au anayepanda nguzo, ana haki ya kujua hayo. Ana haki pia ya kujua kwamba ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 hupoteza madai. Tunaambiwa kila mara kwamba elimu imetolewa. Imetolewa wapi? Semina ya hoteli mjini haimfikii mtu wa zamu ya usiku.

Kwa nini basi mhandisi hayumo chumbani mambo haya yanapozungumzwa? Sababu moja ni ile dhana tuliyoanza nayo. Nyingine ni ya historia. Tangu NUTA ya 1964, na baadaye JUWATA ya 1978, karibu kila mwajiriwa wa umma alijikuta mwanachama, mhandisi na mfagizi pamoja, makato yakikatwa kabla mshahara haujamfikia. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa 1971 ukawapa wafanyakazi maneno ya kumkabili kiongozi mwenye kiburi. Wakati huohuo nchi ilikuwa na kiu ya wahandisi wake yenyewe; Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1973, na waliotoka pale walipokewa kama viongozi siku ya kwanza. Kijana wa miaka 25 alipewa wilaya nzima na Landrover. Si ajabu kwamba hakujiona mfanyakazi. Uanachama ulipokuja kuwa wa hiari, baada ya kuvunjwa kwa mfumo wa chama kimoja cha wafanyakazi, yeye akabaki nje, akitegemea vyombo vya taaluma.

Lakini vyombo vya taaluma haviwezi kazi hiyo. Bodi ya Usajili, kwa sheria ya 1997, ni msimamizi wa taaluma: husajili, hufuta, hulinda umma dhidi ya mhandisi mbovu. Taasisi ya Wahandisi ni jumuiya ya wanataaluma, inayofanya kazi njema ya elimu na maadili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili ambacho mwajiri analazimika kuketi nacho kujadili mshahara. Mwenye haki hiyo ni chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi. Na mhandisi aliyebaki nje bado anachangia: sheria inaruhusu makato ya uwakala kwa asiye mwanachama, kwa kuwa mkataba unamnufaisha naye. Ada ambayo vyama vingi vimezoea kukata ni asilimia 2 ya mshahara. Kwa mtu wa mfano wetu, iwapo makato yake ni kiasi hicho, anatoa shilingi 40,000 kila mwezi kwa ajili ya kikao asichohudhuria.

Na vyama vyenyewe havina budi kujitazama. Hapo kati ya Vigwaza na Kwala, wa reli ana TRAWU, wa bandarini ana DOWUTA, wa halmashauri ana TALGWU, wa Serikali kuu ana TUGHE, na bado hatujavitaja vingine. Wahandisi wamegawanyika katika vyama vyote hivyo, na katika kila kimoja ni wachache. Katibu wa tawi anayehesabu kura haoni faida ya kushughulikia madai ya watu saba. Ndiyo maana suala la ada ya mwaka ya usajili, ambayo mhandisi hana budi kuilipa ili aruhusiwe kufanya kazi ya mwajiri wake, limebaki bila kanuni moja. Ndiyo maana mhandisi mhitimu anayepitia mpango wa mafunzo ya miaka mitatu, ule ulioanzishwa na Bodi mwaka 2003, mara nyingi hajui kama yeye ni mwanafunzi au mfanyakazi, na hakuna tawi linalomwita. TUCTA, kama shirikisho, ingeweza kuunda kamati moja ya wanataaluma wa ufundi kutoka vyama vyake vyote, ikaandaa hoja moja juu ya posho na mshahara, na kila chama kikaipeleka kwa mwajiri wake. Haihitaji sheria mpya. Inahitaji vikao, na mtu wa kuandika.

Waajiri wa umma nao tunawaambia hivi. Baraza la wafanyakazi si sherehe ya kupitisha makisio yaliyokwisha kuchapishwa. Wajumbe hupelekewa makabrasha jioni na kutakiwa wapitishe asubuhi. Hapo hata mhandisi mwenye akili kumi hana la kusema. Makabrasha yafike majuma mawili kabla, na vituo vya nje ya makao makuu viwe na mjumbe wao wenyewe, si wa kuteuliwa na mkuu wa idara. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi na kumpa mama aliyejifungua mtoto njiti likizo ndefu zaidi. Ni haki ya kila mwajiriwa, na wahandisi wanawake wako vituoni. Ni wangapi wa vituo hivyo vilivyopata barua ya kuieleza?

Miezi ya mwanzo wa mwaka ndiyo ambayo mabaraza huitwa kupitia makisio ya mwaka wa fedha unaofuata. Ndugu zetu wahandisi wa ukanda huu wa Ruvu, Vigwaza na Kwala wanao muda wa kuchagua mjumbe mmoja katika kila tawi kabla ya hapo, na kumkabidhi karatasi ya ukurasa mmoja: posho ipi iingie kwenye mshahara, nani alipe ada ya usajili, msimamizi anayekesha alipweje. Mkataba wa hali bora utakapotiwa sahihi, nakala yake ibandikwe ukutani pale mizani, kwa Kiswahili, mahali ambapo anayetoka zamu ya usiku aweza kuusoma kabla basi la kwanza halijapita.